Baiskeli ya Kujifunzia Ukubwani

Kwetu Usukumani mwanamume asiyejua kuendesha baiskeli hana maelezo. Asiyejua kuogelea anaeleweka, maana maji yenyewe ya kuogelea tunayaona masika tu. Asiyejua gari anaeleweka pia. Lakini baiskeli! Baiskeli ndiyo inayobeba maji, pamba, mkaa, mgonjwa, bibi harusi na jeneza. Mtoto wa miaka saba hajaifikia siti, lakini anapitisha mguu chini ya bomba la juu, anapinda mgongo na kuondoka na baiskeli ya babu yake kwenda mashineni kusaga mahindi. Mimi nilifika miaka arobaini na mitatu sijui.

Hakuna aliyejua kwamba sijui, isipokuwa mtu mmoja. Mtu huyo ni mtoto wa shangazi yangu, dada wa baba. Kwa Kisukuma ni mbyala wangu, na mbyala ni mtani: ana ruhusa ya kunisema lolote mbele ya yeyote, nami sina ruhusa ya kukasirika. Akinikuta nimevaa shati jipya anauliza kwa sauti nimemwibia nani. Nikimkuta kwenye msiba wa kwao naweza kulala mlangoni nikakataa kuondoka mpaka niletewe ugali. Nimeishi na sheria hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuiona ina kasoro. Naitaja mapema ili msomaji asije akaniuliza baadaye kwa nini sikumpiga.

Mambo yalianzia Mwadui. Nilipoingia darasa la tano baba alinipeleka kwa shangazi, ambaye mumewe alikuwa na kazi katika mji ule wa almasi. Binamu na mimi tulikuwa umri mmoja, tulilala kitanda kimoja, tukavaliana kaptula. Kulikuwa na baiskeli ya jirani tuliyoruhusiwa kuitumia Jumamosi mchana. Mimi niliipanda mara moja. Nikateremka nayo barabara ya lami, nikaenda kuangukia mfereji wa saruji, nikavunja jino la mbele. Sikuipanda tena. Kila Jumamosi nilikuwa na sababu: tumbo, masomo, kiatu. Binamu yeye baada ya wiki mbili alikuwa anaachia mikono yote miwili, shetani yule.

Siku moja baba akaja kututembelea. Alitoka kwetu, kijiji cha ndani kidogo baada ya Tinde, alfajiri, akafika Mwadui jioni juu ya baiskeli yake ya kijani, amefunga gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye keria. Alikuwa amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, lakini swali lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa la baiskeli.

"Baiskeli umeijua?"

"Ndiyo, baba," nikasema.

Binamu alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Aliangalia pembeni. Baba alifurahi mpaka akanishika kichwa kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwa na tabia ya kulifanya. Akasema siku atakapochoka, hii ya kijani itakuwa yangu, mimi mtoto wake wa kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na nilijiambia kwamba nitajifunza kabla ya likizo, uongo wangu ugeuke kuwa kweli, mambo yaishe.

Hayakuisha. Nilikwenda shule ya bweni, kisha nikahamia upande wa Geita, kwenye machimbo madogo, nikafungua duka la vitu vya wachimbaji: sururu, ndoo, kamba, tochi, mabuti. Kule kila mtu yuko juu ya bodaboda, hakuna anayekuuliza unajua nini kingine. Nikienda kumsalimia baba nilifika kwa basi mpaka Tinde na pikipiki mpaka mlangoni. Akinituma kwa jirani nilisema napenda kunyoosha miguu. Yeye alikuwa akiwaambia wenzake, "Huyu wangu alijifunzia Mwadui, kwenye lami," wakatikisa vichwa kwa heshima, nami nikakaa pale na uso wangu mkavu. Nakiri kwamba kwa miaka mingi jambo hili lilinichekesha. Lilinichekesha kwa kuwa binamu naye alikuwa akicheka, tukikutana wawili.

Baadaye rashi ya dhahabu, yale mbio ya watu kukimbilia machimbo mapya, ikahamia kwingine, wachimbaji wakaondoka kama walivyokuja, duka likabaki na mabuti ya namba moja. Nikarudi Shinyanga na familia, tukapanga nyumba Ngokolo. Hatukuwa tumemaliza hata kupanga vyombo baba alipopiga simu. Miguu yake ilikuwa imevimba, hawezi tena kuendesha.

"Nimechoka sasa," akasema. "Tukishauza pamba njoo uchukue baiskeli yako. Usije na gari la kuibebea. Uipandie hapa uwanjani, uondoke nayo, nikuone."

Nilijibu, "Sawa, baba." Mzee alikuwa hataki kitu kingine maishani, si dawa, si blanketi. Alitaka kuniona nikiondoka na baiskeli yake. Nilikuwa na miezi miwili ya kuwa mtu yule ambaye baba aliamini ni mimi kwa miaka thelathini.

Binamu wakati huo alikuwa fundi baiskeli mjini, karibu na soko. Na si fundi wa kubahatisha. Watu walitoka mbali kumletea rimu zilizopinda. Nikaenda nikasubiri wateja waondoke.

"Nataka baiskeli," nikamwambia.

Alinitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Akafuta macho kwa kitambaa chenye grisi, sura yake ikawa na mistari miwili myeusi. Nilimwambia habari ya simu. Hapo akaacha kucheka, nikaona ameelewa.

"Usimwambie mtu," nikasema. "Hata mkeo."

"Mbyala, hili jambo nimelikalia miaka thelathini. Nitashindwa miezi miwili?"

Nilitaka moja kwa moja baiskeli ya kiume, nzito, yenye bomba la juu na matairi makubwa, ya aina ile ile ya baba. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nitapanda hiyo, basi nijifunzie hiyo. Binamu akasema hapo ndipo watu wazima wote wanapokosea. Akaileta moja, akaniambia niikalie. Nikaikalia huku ameishika. Miguu ikaning'inia, ncha za viatu zikigusa vumbi kidogo tu.

"Sasa jifanye mbuzi amekatiza. Simama ghafla."

Nikateleza mbele kutoka kwenye siti na kutua juu ya bomba. Sitaeleza zaidi. Nilisimama pale nikiwa nimeshika ukuta wa duka la jirani, mfanyabiashara wa Kihindi akatoa kichwa kuuliza kama kuna mgonjwa.

"Mtoto akianguka anaanguka kutoka kimo cha mbuzi," binamu akaniambia. "Wewe unaanguka kutoka kimo chako, na uzito wako, na aibu yako. Hii tutaifikia baadaye."

Nikaonyesha nyingine, ya gia, matairi manene, wanayopenda vijana. Akatikisa kichwa. Hiyo, alisema, inakuinamisha. Uzito wote unaenda mikononi, na mwanafunzi mikono yake tayari imekakamaa. Na utakuwa unaangalia gia badala ya kuangalia barabara. Anayejifunza ukubwani anatakiwa akae wima, aone mbele, awe na mambo mawili tu ya kufikiria: kwenda na kusimama.

Akaingia ndani akatoka na baiskeli ya mtumba kutoka Japani. Fremu yake imeshuka chini katikati hata mama mwenye kitenge anapita bila kuinua mguu. Kikapu mbele. Rangi ya waridi iliyopauka.

"Hii ni ya kike," nikasema.

"Ya kike ndiyo isiyokuua."

Akashusha siti mpaka mwisho. Nikakaa: nyayo zote mbili zikalala chini, bapa, kama nimekaa kwenye kigoda. Akanifanya nibane breki ya kushoto, kisha ya kulia, aone kama vidole vyangu vinafika bila kujinyoosha. Akakaza ya nyuma. Halafu akachukua spana akafungua pedeli zote mbili na kuzitia mfukoni. Nilimuuliza amerukwa na akili. Akasema pedeli ni somo la pili. Kwanza nitajisukuma kwa miguu mpaka mwili uujue msawazo wake, na siku nitakapoweza kuinua miguu yote miwili na kuhesabu mpaka kumi bila kugusa chini, atanirudishia pedeli zangu.

Nimewaza sana tangu wakati ule, na sitamnyima haki yake: kila alichoniambia kuhusu baiskeli kilikuwa sahihi. Mtu mzima yeyote akiniuliza leo, namwambia hayo hayo, neno kwa neno, na inaniuma kwamba ni maneno yake.

Tulikutana kila siku kabla jua halijapanda, kwenye uwanja mtupu nje kidogo ya Ngokolo. Nilifika nikiikokota ile ya waridi kana kwamba nimeiokota. Kina mama wanaokwenda kuchota maji walinisalimia, nikawaambia naijaribu baiskeli ya mama watoto, breki zake zina matatizo. Waliniamini siku mbili za kwanza. Nilijisukuma uwanja mzima, mwanamume mwenye mvi mbili tatu, magoti juu, jasho likinitoka kwenye baridi. Wiki ya pili nilihesabu mpaka kumi na moja. Binamu akapiga makofi, akatoa pedeli mfukoni. Alikuwa anatembea nazo siku zote hizo.

Alinishikia siti nyuma, akikimbia, akihema, akinitukana. Siku moja nikasikia matusi yamekuwa ya mbali. Nikageuka, nikamwona amesimama kule mwanzo wa uwanja, mikono kiunoni. Sijui alikuwa ameniachia saa ngapi. Nilianguka kwa kugeuka, lakini nilianguka nikicheka, na niliporudi kwake nilimkumbatia. Naona aibu kuliandika hilo.

Wiki ya tano tukahamia ile yenye bomba. Hapo kazi ni kupanda: unashika usukani, mguu wa kushoto kwenye pedeli, unasukuma mara mbili tatu na mguu wa kulia, halafu unauzungusha ule wa kulia kwa nyuma juu ya keria. Nilichana suruali mbili. Mke wangu, ambaye ilibidi hatimaye nimweleze, alizishona bila kucheka, na kwa hilo namshukuru. Wiki ya saba niliendesha baiskeli ya kiume barabara ya changarawe, kwenda na kurudi, nikampita mtu aliyebeba kuku. Nilikuwa tayari.

Nilimwambia baba nitafika Jumamosi. Ijumaa jioni binamu alikuja nyumbani. Mke wangu akampa chai na chapati. Akala, akasifu chapati, akanishika goti kupima kama halijavimba.

"Kesho usiangalie tairi," akaniambia. "Angalia unakokwenda. Mjomba atafurahi sana."

Niliamka mapema, nikavaa shati lililopigwa pasi, nikapanda basi mpaka Tinde, kisha bodaboda mpaka nyumbani. Baba alikuwa amekaa nje, mguu mmoja umewekwa juu ya kigoda. Dada yangu mdogo, anayeishi naye tangu mama alipofariki, alikuwa jikoni. Nikachuchumaa nikampa baba shikamoo, akaitikia marahaba. Alikuwa amekonda kuliko nilivyotegemea. Tukazungumza bei ya pamba. Tukazungumza ng'ombe. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa:

"Ng'wana wane, mwanangu, baiskeli vile ulijifunzia wapi?"

"Mwadui, baba."

"Ulijifunza na nani?"

"Na binamu. Tulijifunza pamoja."

"Hukuanguka?"

"Mara moja tu. Ndiyo hili jino."

Alinitazama usoni. Macho yake yalikuwa bado makali. Nilitabasamu, jino lililovunjika likionekana.

"Haya," akasema. "Nenda ukanywe maji."

Niliingia ndani nikiwa mwepesi. Baiskeli ya kijani siku zote ilisimama kwenye ukuta wa chumba cha kwanza, chini ya kalenda. Haikuwepo. Kulikuwa na alama mbili za tairi sakafuni na kitambaa cha mafuta ya taa alichokuwa akiifutia kila Jumapili, kimekunjwa vizuri. Nikaenda jikoni nikamuuliza dada baiskeli imepelekwa wapi. Akashangaa.

"Hajakwambia? Binamu aliichukua. Alikuja Alhamisi."

Akaanza kucheka kwa kukumbuka. Binamu, akasema, aliwavunja mbavu. Alichukua kigoda akakikalia kama baiskeli, akajisukuma kwa miguu uwanja mzima, magoti juu, akiigiza sauti yangu: mama watoto, breki hizi zina matatizo. Akaeleza habari ya kikapu. Akaeleza rangi. Majirani walikuja. Baba alicheka mpaka akakohoa. Dada alikuwa anachekea mwiko wake huku ananihadithia, akidhani nami nitacheka, kwa kuwa ndivyo inavyopaswa.

"Halafu baba akamuuliza, 'Huu ni utani au ni kweli?'"

"Akajibu nini?"

Dada akaona uso wangu. Akaacha kucheka.

"Akasema ni kweli, mjomba."

Hapa nieleze, maana nje ya kwetu jambo hili linaweza kupita bila kuonekana. Mtani anaweza kusema umeoa fisi. Anaweza kusema mbele ya wakwe zako kwamba unakojoa kitandani. Kila mtu anacheka na hakuna anayebeba chochote kurudi nacho nyumbani, kwa kuwa mtani akiulizwa swali lile anajibu ni utani. Hata kama ni kweli tupu, anajibu ni utani. Swali lile ni mlango anaofunguliwa ili atoke na aliyetaniwa atoke. Baba alikuwa mzee wa mila, alimfungulia ule mlango makusudi. Binamu akaufunga, mimi nikiwa ndani.

Baba akamwambia, basi ichukue wewe unayeijua. Naye akaichukua. Alhamisi hiyo. Ijumaa alikula chapati zangu.

Nilirudi nje. Nikasimama mbele ya baba, sikukaa.

"Baba, najua kuendesha. Kweli najua. Naomba niazime ya jirani nikuonyeshe sasa hivi."

"Sasa hivi nilikuuliza," akasema. "Hukuniambia."

"Niliogopa."

"Nimewaambia watu wote wa hapa kwamba umejifunzia kwenye lami. Wazee wenzangu wengine wamekufa wanajua hivyo." Akavuta pumzi. "Ungeniambia siku ile, ukiwa mdogo, ningekushika siti mimi."

Hakunifukuza. Aliniambia nile kabla sijaondoka, nami nilikula, ugali na mlenda, na sikusikia ladha yoyote. Kila tonge nilikuwa nikimfikiria binamu.

Nilikwenda moja kwa moja kibandani kwake. Baiskeli ya kijani ilikuwa imetundikwa kwa kamba, gurudumu la mbele limetolewa. Aliponiona akatabasamu, nusu.

"Umefika. Mjomba amesemaje?"

"Kwa nini?"

"Utani, mbyala."

"Alikuuliza kama ni utani."

Akachukua spoku moja akaanza kuinyoosha, ingawa ilikuwa imenyooka. "Ningemdanganya mjomba wangu?"

"Umemdanganya miaka thelathini!"

"Nilinyamaza. Aliyedanganya ni wewe."

"Na ile chai ya Ijumaa? Ulikaa kwangu ukanishika goti ukaniambia mjomba atafurahi!"

Akageuka akaigusa fremu ya kijani, na aliposema tena, sauti yake haikuwa ya utani hata kidogo.

"Hii nani aliikaza kila kiangazi? Tairi nani alibadilisha? Wewe ukiwa Geita na mabuti yako, nani alikuwa anakwenda kule kuipaka grisi? Kanipa mwenyewe, mjomba wangu. Nikatae?"

Ndipo nilipojua. Hakuropoka, wala mdomo haukumteleza. Alikuwa anaitaka tangu zamani, labda tangu siku ile Mwadui baba aliponishika kichwa mbele yake. Alinifundisha kwa moyo wote na akaniuza kwa moyo wote, na sijaweza hadi leo kuutenganisha mkono ulionishikia siti na mkono ulioniuza. Kilichonikera zaidi ni kwamba habari ya tairi na grisi ilikuwa kweli.

Sikumpiga. Nilikwambia mapema kwa nini. Nilikwenda kwa shangazi kulalamika, akacheka, akauliza tangu lini mtu anamshtaki mbyala wake. Nikamwambia mke wangu kwamba sitaki kumwona mtu huyo mlangoni pangu. Akasema sawa, lakini ukoo utasema mume wake amepoteza akili. Kila niliyemweleza alianza kucheka nilipofika kwenye habari ya kikapu, na hakusubiri nifike kwenye swali la baba. Nikaacha kueleza. Hasira ambayo huruhusiwi kuwa nayo haipoi. Inakaa tu, unakula nayo, unalala nayo.

Nikapanga jambo moja. Nitaendesha kutoka Ngokolo mpaka kwa baba, njia nzima, kwa nguvu za miguu yangu, niingie uwanjani pale mchana kweupe, nishuke mbele yake bila kusema neno. Nilinunua baiskeli ya kiume, ya mitumba, nzito. Nikaanza mazoezi ya masafa. Ningeweza kwenda baada ya wiki mbili. Lakini nilitaka niende bila kuhema, niende nikiwa safi, na tuseme ukweli, nilitaka pia mzee anikumbuke kidogo, ajute kidogo. Alipiga simu mara mbili, nikamjibu kifupi. Wiki zikawa tano.

Dada alipiga Jumanne asubuhi. Baba alikuwa anakunywa uji, akaomba aegemezwe, na alipoegemezwa alikuwa ameshakwenda. Niliondoka na gari la kukodi pamoja na mke na watoto. Baiskeli yangu niliiacha imeegemea ukuta.

Tulimzika siku ya pili. Tulipomaliza kufukia, kabla watu hawajakaa kula, binamu akaingia uwanjani juu ya baiskeli ya kijani. Alikuwa amejifunga khanga, amevaa kofia ya baba. Mtani ana kazi yake msibani, kuwatoa watu kwenye kilio, na kazi yake aliijua. Akaenda zigizaga, akapiga mayowe, akaanguka karibu na kaburi, akainuka, akakung'uta khanga. "Mjomba!" akaita. "Wa kwenye lami amefika!" Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia. Wakanigeukia. Mfiwa hatakiwi kununa mbele ya mtani. Akinuna ni mkosi. Nikacheka. Nilisikia sauti ikitoka kinywani mwangu, na kati ya yote niliyoyafanya katika habari hii, kicheko kile ndicho ninachokichukia kuliko vyote.

Akaniletea baiskeli mpaka miguuni.

"Panda basi, tuone."

Nadhani hakutegemea kwamba ningeichukua. Nilishika usukani, nikaweka mguu wa kushoto kwenye pedeli, nikasukuma mara mbili, nikauzungusha wa kulia juu ya keria. Nilizunguka uwanja wote wa baba. Nilipita nyuma ya zizi, nikatokea upande wa jikoni, nikapita mbele ya wazee, wima, siangalii tairi. Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akamwambia mwenzake, "Kumbe huyu anajua vizuri tu, yule mwingine alikuwa anatania." Nilizunguka mara ya pili, nikapita karibu na udongo mbichi, polepole kadiri baiskeli inavyoweza kwenda bila kuanguka.

Kisha nikashuka, nikamrudishia binamu. Ilikuwa yake.